Shibiri Nne na Nusu

Nikitaka kwenda Mbinga Jumamosi, naacha kunywa maji Ijumaa mchana.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe, safari baada ya safari. Nikinywa chai Ijumaa jioni, itanisumbua nikiwa stendi. Nikinywa uji alfajiri, sitafika hata Mbamba Bay. Kwa hiyo Ijumaa nikitoka shuleni nakula ugali mkavu na usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, nasukutua mdomo na kutema. Kisha nakaa dirishani. Dirisha langu linatazama ziwa, na ziwa letu halina adabu kwa mtu mwenye kiu. Linapiga mawe, linarudi, linapiga tena. Maji yote yale, matamu, mtu anaweza kuyachota kwa kiganja, na mimi nimefunga mdomo.

Naitwa Glorious. Nina miaka ishirini na sita, na nafundisha chekechea katika kijiji kimoja karibu na Liuli. Nilipokuwa na miaka minne niliugua homa. Nilipopona, miguu haikurudi. Natembelea kiti cha magurudumu. Nyumbani sina shida, kwa sababu marehemu baba alijenga choo chetu bila ngazi, na mlango akauacha mpana. Shuleni pia wamenitengenezea. Siku nzima watoto wananijia na kidole juu: "Mwalimu, naomba kwenda nje!" Nasema, "Nenda." Nasema neno hilo labda mara arobaini kwa siku. Wanakimbia, wanarudi wakicheka, wamesahau hata walichokwenda kufanya. Sidhani kama wapo wanaojua kuwa hicho ni kitu cha kuonea wivu.

Mwaka jana nesi mmoja aliniambia figo zangu zinalalamika, ninywe maji lita mbili kila siku. Niliitikia. Sikumwambia kuwa siku ile yenyewe nilikuwa sijanywa hata tone, ili niweze kufika kwake.

Pankras naye sikumwambia. Tulijuana Songea nikiwa chuo cha ualimu, yeye akija kutengeneza umeme wa mabweni. Ni Mmatengo wa Namswea, fundi, mpole, anayeongea huku akitazama mikono yake. Miaka mitatu sasa tunapendana zaidi kwa simu, maana kazi humpeleka mbali. Mara zote tulizokutana Mbinga aliniuliza, "Glo, kwa nini hunywi soda yako?" Nami nikamjibu, "Meno yanauma." Nadhani anaamini nina meno mabovu.

Alhamisi ile alipiga simu kutoka Makambako.

"Bosi amekataa ruhusa," alisema. "Sitaweza kuja Jumamosi."

"Basi tuahirishe."

"Haiwezekani. Baba keshajipanga. Ukimwambia ahirisha, atadhani umeghairi."

"Nikae na baba yako peke yangu, Pankras? Nitaongea nini?"

"Hata yeye haongei. Mtanyamaza wote wawili." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Anataka kukuona tu, ndipo aandike barua ya posa. Ukimpendeza, barua inakuja. Ndugu zake wameshamjaza maneno."

"Maneno gani?"

"Unayajua."

Niliyajua. Ataendaje shambani? Atachotaje maji? Nani atamhudumia mwenzake? Baba yake, Mzee Raimundi, alikuwa amewasikiliza wote bila kujibu, halafu akasema atakwenda kuona kwa macho yake. Kuja kwetu hawezi kabla ya barua, si desturi. Kwao Namswea ni milima, mimi siwezi kupanda. Ikabaki Mbinga, katikati.

Jumamosi alfajiri mama alinishikia kikombe cha uji.

"Kunywa hata nusu, Glorious. Unakwenda kuonana na mkwe, si kwenda kuugua."

"Nitakunywa huko, mama."

"Huko kwa nani?"

Nikakisogeza kikombe kando. Mama ananijua, lakini kuna mambo tunayoyaacha yapite kati yetu kama upepo unaopita kati ya nyumba mbili.

Nilivaa gauni jipya la kitenge cha bluu. Kondakta alinipandisha kiti cha mbele, kiti changu cha magurudumu akakifunga juu pamoja na magunia ya dagaa. "Dada mheshimiwa," alisema, "leo umependeza, nani anaoa?" Nikacheka tu. Barabara ya vumbi ikatufikisha kwenye lami, lami ikatupandisha milimani, hewa ikaanza kuwa kali. Mwezi wa saba Mbinga ni baridi kweli, na baridi si rafiki yangu. Inakamua mwili hata usiokuwa na kitu ndani.

Watu wengine wanaijua Mbinga kwa maduka yake. Mimi naijua kwa milango. Choo cha stendi kina ngazi tatu na mlango mwembamba. Cha sokoni kiko chini bondeni, unashuka kwa mawe. Kwenye mabenki ni kwa wafanyakazi. Hoteli nyingi za chakula choo kiko uani, na uani unapita jikoni, kati ya masufuria na kuni. Kuna ofisi moja ambayo ina choo chenye njia ya mteremko na alama ya kiti cha magurudumu mlangoni, imepakwa rangi vizuri kabisa. Sijawahi kukikuta kimefunguliwa.

Mzee Raimundi alikuwa ameshafika kwenye hoteli tuliyoelekezana, ameketi barazani mezani, koti refu la kijivu limefungwa vifungo vyote. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa kiwi mpaka vinang'aa, ingawa kwenye kisigino udongo mwekundu ulikuwa umekataa kutoka. Aliponiona alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko ziwani?"

"Tumeamka salama."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Nimepokea."

Tukanyamaza, kama Pankras alivyotabiri. Alitazama meza, nami nikatazama meza hiyo hiyo. Kisha akainama, akatoa chini ya kiti dumu dogo, na kitu kilichofungwa ndani ya kitenge kilichochujuka. Alikifungua polepole. Kilikuwa kibuyu cha kunywea, kidogo, cheusi kwa umri, kimeshonwa kwa uzi mahali kilipopasuka.

Mwenye hoteli alimwona. "Mzee! Humu hatuingizi vinywaji kutoka nje. Chai ninayo."

"Hii si pombe, mama. Ni togwa ya mkwe."

"Mkwe wako ndiye huyu?" Alinitazama, akatazama kiti changu, akanitazama tena. "Haya. Ila chai mtanunua."

Mzee Raimundi alimimina togwa mpaka kwenye ukingo. Mikono yake ilikuwa na nyufa nyeusi za utomvu wa kahawa.

"Kibuyu hiki ni cha mama yake Pankras," alisema. "Tadea. Na kabla yake kilikuwa cha mama yangu. Nyumbani kwetu mwanamke anayekuja kuolewa anakunywa kwa mkono wa mama mkwe. Sasa Tadea hayupo, mwaka wa pili huu. Nikasema nisimwachie mtu mwingine. Nimeotesha kimea mwenyewe, nimesaga mwenyewe, nimepika mwenyewe. Majirani walikuja kunichungulia jikoni, wakacheka sana." Akatabasamu akitazama kibuyu. "Sijui ninyi Waanglikana wa ziwani mnakunywa togwa?"

"Tunakunywa, baba."

"Basi karibu."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Harufu yake ilinipanda puani, tamu yenye uchachu kidogo, na ulimi wangu wote uliamka. Nilikuwa sijanywa kitu kwa saa ishirini na mbili. Nikagusisha midomo, nikameza kiasi cha kijiko, nikakiweka mezani.

"Ni nzuri sana, baba. Nitakunywa polepole."

"Polepole," aliitikia. Akangoja.

Akaanza kunieleza habari za shamba, nadhani ili nipate nafasi ya kunywa bila kutazamwa. "Wameniambia mengi kuhusu miguu yako. Mimi nikawaambia, shamba langu ni la ngoro, mashimo matupu toka juu mpaka chini ya mlima. Hata wenye miguu miwili mle wanaanguka kila siku. Kaka yangu mwenyewe alianguka Jumanne na jembe lake."

Nilicheka kwa sauti, naye akafurahi kwamba nimecheka. Akatazama kibuyu. Kilikuwa kimejaa vile vile.

Zikapita dakika. Alinunua chai, akainywa yake. Yangu ikapoa ikafanya utando. Alitazama barabarani, akatazama kibuyu. Niliona uso wake ukibadilika taratibu, hauna hasira, ila unafunga, kama mtu anayefunga duka mapema kwa sababu hakuna mteja.

"Labda imechacha," alisema mwisho. "Kimea sikukijua vizuri. Tadea angejua."

"Hapana baba, ni nzuri."

"Si lazima, mwanangu. Mtu halazimishwi. Nitamwambia Pankras tumeonana." Akavuta kile kitenge, akaanza kukikunjua ili akifunge tena kibuyu.

Nikaelewa. Hakuna barua itakayoandikwa. Atarudi Namswea na dumu lake limejaa, atapita kwa wale majirani waliomchungulia jikoni, na hatasema neno. Na ningeweza kumzuia kwa sentensi moja tu: baba, katika mji huu wote hakuna choo ninachoweza kuingia. Lakini hilo halisemwi kwa baba mkwe. Kwetu ziwani na kwao milimani ni sawasawa. Mkwe na mkwe hawatumii choo kimoja, na ukimwona anaelekea huko unageuza njia, ukijifanya unatafuta kuku. Neno lenyewe halitamkwi mbele yake. Ningelisema, ningekuwa nimejivua nguo mezani.

Nikakichukua kibuyu mikononi mwake. Nikanywa. Sikupumua. Nikanywa mpaka nikaona chini, punje za mtama uliosagwa zimeshika kwenye ukuta wa kibuyu, na sijawahi katika maisha yangu kunywa kitu kitamu namna ile.

Mzee Raimundi alicheka kama kijana. "Aaa! Sasa huyu ndiye mkwe!" Akamimina tena kabla sijakiweka chini. "Hicho kilikuwa changu. Hiki ni cha Tadea."

Nikanywa na cha Tadea.

Saa sita alinyanyuka. Alikuwa na shughuli ghalani, mambo ya kahawa yake. "Saa tisa nitakuja stendi nikusindikize kwenye gari," alisema. "Usiondoke kabla sijakuaga. Nina neno la kukuambia." Akaenda, koti likipepea, mwepesi kuliko alivyokuja.

Nilibaki na saa tatu na vibuyu viwili vya togwa.

Saa saba kasoro nilikuwa mbele ya choo cha stendi. Anayekitunza ni mama mmoja mnene, Mama Mektilda, anakaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alinitazama, akatazama mlango, akapiga ulimi.

"Hakiingii, mwanangu. Fundi wa choo hiki nadhani alijipima mwenyewe, na alikuwa na njaa."

"Hakuna kingine?"

"Vyote ndugu wa tumbo moja." Akawageukia vijana wa pikipiki. "Lakini hawa wanakubeba sasa hivi. Nyie! Njooni mmbebe dada!"

"Tunambeba kama bibi harusi!" mmoja akajibu, na wenzake wakapiga honi.

Nikasema hapana, asante. Nimewahi kubebwa. Mkono mmoja ulinishika mahali ambapo haukuwa na haja ya kushika, na mwenye mkono akacheka na wenzake baadaye nikiwa nawasikia. Tangu siku ile sibebwi na nisiyemjua.

Nikaelekea ile ofisi yenye alama. Ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwingine. Kwangu ni nusu saa, kwa sababu ya kokoto na mtaro ambao umefunikwa nusu. Kila tairi lilipoingia kwenye shimo, togwa ilinikumbusha ilipo. Mlinzi alikuwa anaota jua ukutani. Kitambulisho chake kilisema Cuthbert.

"Kaka, naomba kutumia choo."

"Kipo. Kile pale, kizuri kabisa, cha watu kama nyie." Akanyoosha mkono kwa fahari. "Ila kimefungwa."

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao Bwana Aidan. Leo Jumamosi, kaenda shamba."

"Hakuna mwingine?"

"Dada, hata ukifunguliwa huingii. Wameweka viti vya mikutano."

Nilisogea mpaka dirishani. Ni kweli. Vyuma vya kushikia vilikuwa ukutani, vinang'aa, havijaguswa na mkono wa mtu, na kati yake viti vya plastiki vimepangwa mpaka juu, na mabango ya sherehe iliyopita. Nilikitazama kile choo kama mtoto anavyotazama keki ya dukani. Kulikuwa na nafasi ya kugeuza kiti. Mtu fulani aliwahi kunifikiria, akapima, akachora, akajenga. Halafu mtu mwingine akatafuta mahali pa kuweka viti.

"Pole sana," alisema Cuthbert, na nadhani alimaanisha. Nilikuwa nimebana meno, nikageuza kiti.

Niliporudi stendi ilikuwa saa nane na nusu. Tumbo lilikuwa limekuwa jiwe, na machozi yalikuwa yananitoka bila mimi kulia. Katika mkoba wangu huwa nabeba ndala za zamani. Si za miguu. Nilizitoa, nikazivaa mikononi.

Mama Mektilda alielewa bila kuuliza. Aliinuka kutoka kwenye ndoo yake, akaingia ndani, nikasikia akimwaga maji, akisugua, akimwaga tena. Akatoka na ufagio. "Nimekusafishia cha kwanza. Pita taratibu. Nami nasimama hapa. Atakayechungulia nitampiga na huu."

Nilijishusha kutoka kwenye kiti. Nikafunga pindo la gauni jipya kiunoni. Ngazi ya kwanza. Saruji ilikuwa ya baridi na imelowa. Ngazi ya pili. Watu walikuwa wanapita. Wengine waliacha kuongea walipofika karibu yangu, wakaanza tena walipopita, na hicho ndicho kilichonichoma. Nilikuwa nimenyoosha mkono kwenye ngazi ya tatu nilipoona pembeni viatu viwili vyeusi vilivyopigwa kiwi, na udongo mwekundu kwenye kisigino.

Niliinua kichwa. Alikuwa amesimama kando ya kiti changu kitupu, kile kitenge cha kibuyu kwapani. Alikuwa amewahi. Macho yetu yalikutana, ndala zikiwa mikononi mwangu, goti langu likiwa wazi. Aligeuza uso wake upesi ukutani, kama mtu aliyepigwa.

Niliingia ndani. Nilikaa mle muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Nilipotoka, Mama Mektilda alinisaidia kupanda kwenye kiti, akanimwagia maji mikononi. Alikuwa bado anafoka.

"Mji huu una laana! Unajua kuna mzee alikuwa anapapasa kiti chako? Anaweka kiganja hivi, hivi, huku kwenye tairi, kule kwenye tairi, kama anapima kitambaa. Nikamwambia, we mzee, mnaiba hata viti vya wagonjwa? Akaondoka mbio, hata kujibu hakunijibu."

"Alikuwa na kibuyu?"

"Alikuwa nacho! Mwizi na kibuyu chake."

Sikumwambia ni nani. Nilikaa mahali tulipoahidiana. Saa tisa ikafika. Saa tisa na nusu. Kondakta akaja kuniuliza kama nasubiri mtu, nikasema hapana. Mzee Raimundi hakuja kuniaga, na lile neno lake sikulisikia. Nilirudi ziwani nimekaa mbele, gauni limelowa magotini, na kwa mara ya kwanza katika safari za Mbinga sikuwa na kiu. Nilitamani ningekuwa nayo.

Zikapita wiki moja, mbili, tatu. Pankras alipiga simu kila jioni.

"Baba amesemaje?" niliuliza.

"Amesema mmeonana."

"Basi?"

"Basi. Glo, kuna kitu kilitokea?"

"Hakuna."

Ningemwambia nini? Kwamba baba yako ameniona ninavyotambaa? Labda ndivyo alivyokuwa akiniwaza tangu mwanzo, na siku ile akawa na uhakika. Labda ndugu zake walimuuliza, akawaambia mlisema kweli. Nilikuwa nikienda shuleni, nikisema "Nenda, nenda, nenda," nikirudi, nikikaa dirishani. Mama aliacha kuniuliza. Gauni la bluu nililifua, nikalikunja, nikaliweka chini kabisa ya sanduku.

Wiki ya nne Pankras alisema, "Mzee ananitia wasiwasi. Kahawa bado iko mtini na yeye anashinda nyuma ya nyumba na sururu. Kachimba shimo kubwa. Nikamuuliza la nini, kasema la mbolea ya migomba. Mtu wa miaka sabini! Halafu akaanza kuchimba barabara. Kakata ukingo wa mlima kutoka njia kuu mpaka nyumbani. Shangazi anasema msiba wa mama umemrudia kichwani."

"Mwambie apumzike."

"Hasikii. Anasema ana kazi ya siku chache."

Wiki ya sita, Jumapili baada ya ibada, pikipiki ilisimama uani kwetu. Alishuka mwanaume wa makamo mwenye suti ya kahawia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alijitambulisha kwa jina la Nicholaus, mshenga kutoka Namswea. Mama aliniashiria, nikasukuma kiti changu mpaka chumbani, nikashusha pazia. Mwali hakai wazee wanapoongea.

Baba mdogo Henry alifungua bahasha. Ndani yake kulikuwa na bahasha nyingine. "Wamatengo hawa," alisema, "hata barua inavaa koti." Watu wakacheka. Akaisoma kwa sauti yake ya kanisani: salamu kwa ukoo, salamu kwa mama, kijana wetu Pankras ameona ua bustanini kwenu, tunaomba tupokelewe, na kadhalika, kama barua zote zinavyosema. Akafika mwisho. Akasogeza karatasi karibu na macho.

"Hapa sielewi. Anasema, 'Nyumba imejiandaa. Njia nimeisawazisha kutoka barabarani. Mlango ni shibiri nne na nusu, kwa mkono wangu. Hakuna ngazi.' Mlango upi huo?"

"Mimi nimetumwa tu," Nicholaus alijibu. "Lakini mzee alisema mkiuruka mstari huo, niusome mimi."

"Nyumba nzima ina milango, yeye kapima mmoja!"

"Anaposa kwa vipimo," mtu akasema, na wakacheka tena. Mama peke yake sikumsikia akicheka.

Mimi nyuma ya pazia nilinyoosha kiganja changu, dole gumba mpaka kidole cha mwisho, nikapima kiti kutoka tairi mpaka tairi. Shibiri tatu na vidole viwili. Mkono wake ni mkubwa kuliko wangu. Kwa mkono wake ni tatu kamili. Shibiri moja na nusu inayobaki ni ya viwiko. Nilikumbuka Mama Mektilda akimfokea, na yeye asingeweza kujibu. Angesema nini? Napima ili nimchimbie mkwe wangu choo? Hilo halisemwi. Alikimbia na kibuyu chake, aibu yake juu ya yangu, akaenda kuchukua sururu.

Najua hatutaliongea hata siku moja, mimi na yeye. Nitakapokuwa naelekea nyuma ya nyumba, atageuza njia na kujifanya anatafuta kuku. Atasema lile ni shimo la mbolea mpaka siku anakufa. Wala sitamwambia asante, kwa sababu hakuna neno la asante kwa kitu ambacho hakitajwi.

Walipanga nipelekwe kuonwa na ukoo Jumamosi ya tatu. Nilitoa gauni la bluu chini ya sanduku, nikalipiga pasi. Ndala za zamani nilizirudisha kwenye mkoba.

Ijumaa mchana mama aliniletea maji. Nilikishika kikombe kwa muda. Kwenda Namswea lazima tupitie Mbinga, na Mbinga iko pale pale, na ngazi zake tatu, na viti vya plastiki nyuma ya dirisha, na Bwana Aidan na ufunguo wake. Nilihesabu: saa tano mpaka stendi, saa moja ya kungoja gari la Namswea, saa moja na nusu ya kupanda milima. Kisha ile njia iliyosawazishwa. Kisha mlango.

"Hunywi?" mama aliuliza.

"Kesho, mama," nilisema, nikakiweka kikombe chini. "Kesho nitakunywa huko."